Nguvu, Mwili na Mafuta: Uhakiki wa Istilahi za Mazoezi ya Uzito na Lishe

Hivi karibuni nililetewa rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa mazoezi ya uzito na lishe, niisome kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Mwongozo wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, na umekusudiwa watumishi wa ofisi ambao kazi yao ni ya kukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, ili wapate kupunguza mafuta yaliyolundikana mwilini na kuimarisha misuli. Mfasiri ni mtu hodari. Sarufi yake haina dosari, sentensi zake zinakwenda vizuri, na sikuona mahali alipokiruka kipande cha matini kwa kuwa kilimshinda. Hata hivyo, nilipofika mwisho wa sura ya tatu nilitambua kwamba mtu atakayeufuata mwongozo huo kama ulivyo katika Kiswahili atafanya mambo kadhaa ambayo mwandishi wa asili aliyakataza, na ataacha mengine aliyoyaagiza. Kasoro imo katika maneno machache, hayafiki kumi na tano, ambayo sote tunayatumia kila siku bila kuyatilia shaka.

Makala haya yanakusudia kuyapitia baadhi ya maneno hayo. Mfasiri sitamtaja, wala ofisi iliyomwajiri, kwa sababu kosa si lake peke yake: maneno hayo hayo yamo katika vitabu vya shule, katika vibao vya kumbi za mazoezi, katika matangazo ya dawa za kupunguza unene, na katika vinywa vya baadhi ya matabibu wetu.

Neno la kwanza ni mwili. Katika rasimu, shabaha ya mazoezi yote imeelezwa kuwa ni "kupunguza mwili". Usemi huu ni wa kawaida na hakuna Mswahili asiyeuelewa. Tunasema fulani ana mwili, yaani ni mnene. Ameongeza mwili, yaani amenenepa. Mwili umemwisha, yaani amekonda kwa maradhi au kwa majonzi. Katika semi zote hizi mwili ni kitu kimoja kinachoongezeka na kupungua, kama maji mtungini, na lugha haijali kama kilichopungua ni mafuta au ni nyama. Kwa mazungumzo ya barazani hilo halina madhara. Kwa mwongozo wa mazoezi ya uzito lina madhara makubwa, kwa maana taaluma yenyewe imejengwa juu ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Mtu anapokula pungufu ya anachotumia, mwili hukamua akiba yake, na akiba hiyo si mafuta peke yake; misuli nayo huvunjwa. Mambo mawili huizuia misuli isipotee: kuipa kazi nzito mara kwa mara, na kula protini ya kutosha. Ndiyo sababu mwandishi wa asili hakuishia kwenye kupunguza chakula. Alitaka msomaji apunguze chakula kidogo, anyanyue uzito, na aongeze sehemu ya protini katika mlo wake.

Kiasi cha protini hiyo nacho kinafaa kutajwa, maana kinaonyesha uzito wa jambo. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo, na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 2007, ilikadiria kiwango salama kwa mtu mzima mwenye afya kuwa gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Uchambuzi wa majaribio 49 uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo uliona kwamba kwa watu wanaofanya mazoezi ya uzito, faida ya kuongeza protini katika kukuza misuli huelekea kukoma kwenye gramu 1.6 hivi kwa kilo. Mtu wa kilo 70 basi, anayehitaji gramu 58 katika maisha ya kawaida, huenda akanufaika na gramu hadi 112 akiwa katika mazoezi. Sasa tumfikirie karani wa kilo 70 aliyesoma katika rasimu yetu kwamba ili kupunguza mwili hana budi kupunguza chakula. Ataanza na kitoweo, kwa kuwa kitoweo ndicho ghali. Atabaki na ugali na mchicha, mizani itampa habari njema kila Jumamosi, na baada ya miezi mitatu atakuwa mwepesi na dhaifu, tumbo lake bado liko mbele yake.

Napendekeza, kwa hiyo, kwamba katika maandishi ya aina hii usemi "kupunguza mwili" uachwe kabisa, na "kupunguza uzito" utumike pale tu inapozungumzwa mizani. Kinachokusudiwa kiitwe kwa jina lake: kupunguza mafuta ya mwilini. Ni maneno manne badala ya mawili. Sioni hasara.

Jambo linalofuatana na hilo ni sifa ya mwili unaotafutwa. Kiingereza kina neno moja ambalo hutumika kwa nyama isiyo na mafuta buchani, na pia kwa mtu mwenye misuli lakini asiye na mafuta mengi. Mfasiri amelitafsiri kwa kitenzi "kukonda". Mwongozo unamwahidi mtumishi wa serikali kwamba baada ya wiki 12 atakuwa amekonda! Katika jamii yetu hiyo si ahadi, ni msiba. Anayekutana na rafiki baada ya muda mrefu na kumwuliza "mbona umekonda?" anauliza habari za ugonjwa, deni, au ndoa iliyoharibika; na tangu miaka ya 1980, ukimwi ulipoanza kutuulia ndugu zetu, neno hilo limebeba uzito zaidi ambao mfasiri wa mambo ya afya hawezi kujifanya haujui. "Mwembamba" ni afadhali kidogo, lakini uembamba ni wa umbile, hausemi chochote juu ya misuli. Na ukizidi, mtu huitwa kimbaombao. Neno ninaloliona linafaa ni "mkakamavu". Ni kweli kwamba ukakamavu hutumika pia kwa mwenendo na uthabiti wa moyo, na kwamba vijana wa mgambo wamelizoea katika gwaride, lakini katika maana yake ya mwili lina yote mawili, kukaza na kutokuwa na kilichozidi. Mtu mnene hatumwiti mkakamavu, wala mgonjwa aliyedhoofu.

Katika ukurasa huo huo nilikuta kioja ambacho nakitaja bila nia ya kumdhihaki mtu, kwa kuwa yeyote kati yetu, akiwa amechoka saa nane za usiku na kamusi iko mkononi, angeweza kukifanya. Mwandishi wa asili alizungumzia mwili ambao mistari ya misuli yake inaonekana wazi. Neno alilotumia katika Kiingereza ndilo litumikalo pia kwa kueleza maana ya maneno. Mfasiri ameandika "mwili uliofafanuliwa". Msomaji ataufikiria mwili wenye maelezo pembeni, kama mchoro wa ukutani katika darasa la sayansi. Na hali Kiswahili kina neno tayari, nalo halikubuniwa na kamati yoyote: mwili uliochongeka. Vijana wa kumbi za mazoezi wanalitumia, na mama zao wanalielewa. Tena neno hili linafundisha. Mchongaji wa mpingo haongezi kitu juu ya gogo. Huondoa kilichozidi mpaka umbo litokeze, lakini sharti gogo liwepo kwanza. Ndivyo ilivyo hasa kwa mwili: misuli iwe imekuzwa, kisha mafuta yaliyoifunika yapungue. Mwenye kuyapunguza mafuta pasipo kuikuza misuli hana cha kuchonga. Sikumbuki istilahi nyingi za kuundwa zilizofaulu kueleza mchakato mzima kwa kitenzi kimoja namna hii.

Si kila neno la mitaani lenye bahati hiyo. Chukua "nyama uzembe". Usemi huu umeenea sana Tanzania, na maana yake ni ile mikunjo ya mafuta inayojitokeza kiunoni, mgongoni na chini ya mikono. Rasimu imeutumia mara tisa, bila shaka kwa nia njema ya kumkaribia msomaji. Nakiri kwamba ni usemi wenye ucheshi, na ucheshi ni haki ya wenye lugha. Lakini katika mwongozo una makosa mawili. Kwanza, kinachoitwa nyama si nyama. Ni mafuta, na tumekwisha kuona kwamba kuchanganya vitu hivyo ndio mwanzo wa upotovu wote. Mtu anayedhani ana nyama iliyozidi ataona ni jambo la busara kuacha kula vyakula vinavyojenga nyama. Pili, neno uzembe linatoa hukumu. Mafuta hukaa mahali fulani mwilini kwa sababu za kurithi, za jinsia, za umri na za uzazi, mbali na chakula na kazi. Mwanamke aliyetoka kujifungua si mzembe. Mwongozo wa serikali haupaswi kumtukana anayeusoma.

Tukiwa hapo hapo kiunoni, tuangalie na vitenzi. Rasimu inazungumzia mazoezi ya "kukata kitambi", "kupunguza tumbo", "kupunguza mapaja". Sarufi ya semi hizi inamfanya msomaji aamini kwamba kila zoezi lina mahali pake pa kupunguza mafuta, kama vile msasa unavyofanya kazi pale unapopitishwa. Sivyo ilivyo. Mafuta yanapotumiwa huvunjwa kutoka akiba zilizotapakaa mwilini mwote na kusafirishwa kwa damu hadi kwenye misuli inayofanya kazi. Zoezi la tumbo hukaza misuli ya tumbo, lakini haliyachagui mafuta yaliyo juu yake. Mwandishi wa asili amelieleza jambo hili katika aya nzima, na mfasiri ameifasiri aya hiyo vizuri. Kisha, kurasa mbili mbele, kichwa cha habari cha mfasiri mwenyewe kinasema "Mazoezi ya Kukata Kitambi". Msomaji atakumbuka kichwa cha habari. Badala yake iandikwe "mazoezi ya misuli ya tumbo", na kitambi kiachiwe wauza dawa.

Neno mafuta lenyewe lina shida yake. Kwa Mswahili mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari, na yale yaliyo chini ya ngozi. Maagizo ya rasimu ya "kupunguza mafuta" katika sura ya pili yanahusu mafuta ya mwilini, na katika sura ya nne yanahusu mafuta ya kukaangia. Lakini hakuna alama yoyote inayomwonyesha msomaji kwamba amevuka mpaka. Matokeo yake ni ile imani iliyoenea kwamba mafuta anayokula mtu hukimbilia moja kwa moja kiunoni, na kwamba mwenye kula chakula kikavu hawezi kunenepa hata akila sinia zima. Ipo dawa ya zamani. Wachinjaji na wapishi wa pwani wana neno shahamu, lenye asili ya Kiarabu, kwa mafuta ya mnyama yaliyoganda mwilini mwake. Nilipolikumbuka nilifurahi, nikaanza kulipigia mstari kila mahali. Baadaye nilisita. Mwalimu wa Sumbawanga au wa Kakamega hatalijua, na mwongozo wa afya si mahali pa kufundishia msamiati wa pwani. Ninaloona ni kwamba wataalamu wa viumbe walichukue shahamu kwa ajili ya tishu ya mafuta, na kwamba vijitabu vya umma vishikilie "mafuta ya mwilini" na "mafuta ya chakula", bila kuchoka kurudia.

Sasa nafika kwenye neno lililonisumbua kuliko yote, nalo ni nguvu. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakumbuka mafungu matatu ya vyakula: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, na vya kulinda mwili. Mafungu haya yalitumika vizuri. Yalifundishwa wakati ambapo hofu kubwa ya nchi ilikuwa utapiamlo wa watoto, na yalimpa mama wa kijijini sababu ya kuongeza maharage katika uji na ugali wa mtoto aliyekuwa akivimba kwa unyafuzi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya vita hiyo, na msamiati wetu wa lishe, pamoja na neno lishe lenyewe katika matumizi yake ya leo, umekulia katika vita hiyo. Lakini msamiati uliokua kwa kupambana na upungufu unapelekwa sasa kwa mtu mwenye ziada, na hapo ndipo unapoyumba.

Vyakula vya "kutia nguvu" ni vya wanga na mafuta, yaani vile vinavyoupa mwili nishati. Mazoezi ya uzito nayo huitwa mazoezi ya "kuongeza nguvu", yaani uwezo wa misuli wa kushinda mzigo. Katika rasimu yetu sentensi hizi mbili zinafuatana: mwongozo unasema lengo ni kuongeza nguvu, halafu unasema chakula cha kutia nguvu ni wali, ugali, viazi na mafuta. Msomaji mwenye akili timamu ataunganisha, kisha atakula wali. Nishati aliyoipata ikizidi anayoitumia, mwili utaiweka akiba kama mafuta, na nguvu ya misuli yake itabaki pale pale. Katika Kiingereza maneno haya ni mawili tofauti, na mwandishi wa asili hakuwahi kuyachanganya.

Dawa ya hili tunayo na tumekuwa nayo kwa miaka mingi. Walimu wa fizikia wametenga kani, nishati na nguvu. Tuna wizara zenye jina la nishati. Neno hilo limo katika magazeti kila siku. Hakuna sababu yoyote ya watu wa lishe kuendelea kusema nguvu pale wanapokusudia nishati. Chakula hutoa nishati. Mazoezi hujenga nguvu. Kadhalika "kujenga mwili" kwa maana ya protini kunagongana na "kujenga mwili" kwa maana ya mchezo wa watunisha misuli, na kunamfanya mtu adhani kwamba akila mayai bila kunyanyua kitu atajengeka. Protini ni tofali. Mjenzi ni kazi. Wasomaji wa zamani watakumbuka pia neno utomwili, ambalo lilijaribiwa mahali pa protini. Limekufa, nami siliombolezi, kwa sababu lilirudia kosa lile lile la kuuingiza mwili mzima ndani ya jina la kiinilishe kimoja.

Nishati ikishapata jina lake, kipimo chake nacho kitazamwe. Rasimu inasema mwanamume anahitaji kalori 2500 kwa siku. Jedwali lililo nyuma ya kitabu linapima vyakula kwa kilokalori. Mwalimu wa hesabu akizichukua namba hizo kama zilivyoandikwa, ataona kwamba mahitaji ya siku nzima yanatimizwa na sukari isiyofika gramu moja, kwa maana gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4, na ya mafuta kilokalori 9. Viwango hivyo vilitokana na kazi ya Wilbur Atwater huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza na Wamarekani wamezoea kulikata neno kilokalori katika mazungumzo. Sisi hatukulazimishwa kuurithi uvivu wao. Tuandike kilokalori, na anayependa kipimo cha kimataifa azidishe kwa 4.184 apate kilojuli.

Juu ya wanga nitasema jambo moja tu. Neno hili ni la ule unga mweupe unaotokana na muhogo na nafaka. Kulitumia kwa jamii nzima ya kabohaidreti kunaiacha sukari nje ya mlango. Nimekutana na watu waliokwisha "kuacha wanga", na mkononi wana chupa ya soda. Hawadanganyi, hakuna aliyewahi kuwaambia kwa lugha yao kwamba soda nayo imo. Neno kabohaidreti ni refu na halina sura ya Kibantu, lakini kwa kazi hii ni lazima, na wanga ubaki kuwa aina yake mojawapo.

Nageukia misuli. Mfasiri ametumia misuli katika nusu ya kwanza ya kitabu na mishipa katika nusu ya pili, yawezekana kwa kukwepa kurudia neno moja, kama tulivyofundishwa kufanya katika insha. Katika istilahi mafundisho hayo hayafai; kitu kimoja kiitwe jina moja tangu mwanzo hadi mwisho, hata sikio likichoka. Zaidi ya hayo, mshipa katika matumizi ya watu ni njia ya damu, ni neva, na katika sehemu nyingine ni jina la maradhi. Rasimu inamwambia msomaji kwamba zoezi la kuchuchumaa na uzito begani "hukaza mishipa". Miongoni mwa watumishi wa umri wa miaka 50 wamo wengi wenye shinikizo la damu, ambao daktari amekwisha kuwaeleza kwamba mishipa iliyokakamaa ndiyo hatari yao. Mtu wa namna hiyo atakifunga kitabu hapo hapo. Na la kusikitisha ni kwamba tahadhari ya kweli inayomhusu, kwamba asibane pumzi anaponyanyua mzigo kwa kuwa kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, imo katika kitabu hicho hicho, ukurasa unaofuata, naye hatafika.

Ziko pia tofauti za mchezo na mchezo. Rasimu inauita mwongozo wote kuwa ni wa "kutunisha misuli". Kutunisha misuli ni istilahi nzuri kwa mashindano ya jukwaani, ambapo waamuzi hutazama ukubwa na ulinganifu wa misuli, kama yalivyoanza London tarehe 14 Septemba 1901, Eugen Sandow alipowakusanya washindani katika Royal Albert Hall na kumweka mwandishi Arthur Conan Doyle kuwa mmoja wa waamuzi. Kutuna ni kuvimba, na kutunishiana misuli ni kutishana kabla ya ugomvi; yote hayo yanalifaa jukwaa. Unyanyuaji uzito ni jambo jingine: ni mchezo wa Olimpiki tangu Athens mwaka 1896, na tangu baada ya Munich mwaka 1972 una namna mbili tu za kunyanyua, ya kwanza ikiwa ile ya kuunyakua mzigo kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. (Kunyakua, kwa maoni yangu, ni jina linalotosha, na sijui kwa nini watangazaji wa michezo hawalitumii.) Mwongozo wetu hauhusu mchezo wowote kati ya hiyo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka. Watu wazima wote ni pamoja na mama wa miaka 55 ambaye misuli yake inapungua kwa umri na hana nia ya kumtunishia mtu yeyote misuli. Akiona jina hilo kwenye jalada atampa mwanawe. Kwa ajili yake iandikwe "mazoezi ya kuimarisha misuli".

Kosa la hatari zaidi nimeliacha hadi hapa kwa sababu ni la istilahi ya kitaalamu hasa. Kanuni kuu ya mazoezi haya ni kwamba mzigo uongezwe kidogo kidogo kadiri misuli inavyozoea. Ilipata umbo la kitabibu katikati ya miaka ya 1940, wakati daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alipowatibu askari waliojeruhiwa magoti kwa kuwapa uzito uliopimwa na kuuongeza kwa utaratibu. Jina la Kiingereza la kanuni hiyo lina sehemu mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya hatua kwa hatua, na ya pili likiwa neno ambalo katika shughuli za malori na umeme lina maana ya kupakia kupita kiasi. Mfasiri ameandika "uzidishaji mzigo endelevu". Ninavyosoma mimi, huo ni wito wa kubeba mzigo uliozidi uwezo, na kuendelea kuubeba. Mtu wa ofisini atakayeutii atarudi kazini na mgongo ulioteguka. Iandikwe "uongezaji mzigo hatua kwa hatua", na ifuatiwe na mfano wa namba: aliyeweza kunyanyua kilo 20 mara 12 bila kuharibu mkao wake, aende kwenye kilo 22.

Maneno mengine hayana shida kubwa. Seti imekubalika. Marudio yanatosha. Ile chuma fupi ya mkono mmoja na ile ndefu ya mikono miwili zimeelezwa kwa maneno ya kawaida, na michoro inasaidia. Virutubisho, kwa maana ya vidonge na unga wa makopo, vingeitwa nyongeza za lishe, maana virutubisho vimo hata katika dagaa. Na kwa kuwa nimewataja dagaa: mifano yote ya vyakula katika rasimu ni ile ile ya kitabu cha asili, kifua cha kuku, jibini na maziwa ya mgando ya kopo. Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yalitolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na chuo cha afya ya jamii cha Harvard. Yameandikwa kwa Kiingereza, na kuyafasiri kungekuwa kazi yenye manufaa zaidi kuliko makala haya. Mfasiri angeyafungua, angeweza kumwambia karani wetu kwamba yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na kwamba dagaa wakavu wanaipita nyama ya buchani, gramu kwa gramu.

Niliirudisha rasimu ikiwa na alama nyekundu katika maneno 13. Mfasiri alinijibu kwa barua ya heshima, akakubali 11. Juu ya ukakamavu alisema ataliuliza jopo. La 13 lilikuwa pendekezo langu kwamba tishu yote ya misuli kwa jumla iitwe mnofu, ili misuli ibaki kuwa jina la msuli mmoja mmoja na wingi wake, na ili msomaji apate neno moja fupi la kuweka mkabala na mafuta. Mnofu, nilimwandikia, ndio hasa nyama isiyo na mfupa wala mafuta. Alinijibu: "Mwalimu, kwetu mnofu uko kwenye sahani. Nikimwambia mkurugenzi wangu aongeze mnofu, atadhani namwalika chakula." Nimelitafutia jibu tangu siku hiyo na sijalipata. Kama yuko msomaji mwenye neno bora, na aliandikie jarida hili.